Mzee Musa, Sakafu ya Umm Salal Imekwisha

Mzee wangu Musa,

Sakafu imekwisha. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kabla hata ya salamu. Mtu alikuwa akikupigia simu kutoka Masaka, hajamaliza kukujulia hali, wewe tayari umenigeukia: "Barasa, ile vanishi imekauka?" Imekauka, Mzee. Vibao vyote vimetulia, hakuna kinachocheza wala kinacholia, na jua la alasiri likiingia dirishani mbao zinatoa ile rangi ya asali uliyokuwa ukisema imelala chini ya uchafu.

Mimi ni mzima. Bado niko mtaa wa Najma, chumba kile kile. Kitanda chako alipewa Mnepali mmoja mpole, fundi wa mabomba, anakoroma kuliko wewe, jambo ambalo sikudhani linawezekana. Sufuria yako ya matoke tunaipikia bado. Mengi yametokea tangu uondoke na sijapata mtu wa kumweleza yote kwa utaratibu, kwa hiyo nakueleza wewe.

Wakati mwingine nikiwa kwenye basi la kampuni nakumbuka siku uliyonichukua. Nilikuwa mlinzi kwenye mlango wa jengo la maduka, nimesimama tangu asubuhi, miguu imevimba, na wewe ulikuwa umepiga magoti karibu yangu ukibadilisha kibao kilichopasuka. Hukuniangalia. Ulisema tu, kwa kile Kiswahili chako cha Uganda kilichonichekesha mwaka mzima, "Wewe ssebo, kila siku unasimama juu ya sakafu. Unataka kujua chini iko nini?" Haukupita muda mrefu ukawa umemsumbua msimamizi mpaka akanihamisha kwako.

Chini kulikuwa na lami nyeusi, simiti, mchanga wa miaka na mende waliokauka. Nilicheka. Lakini ulinifundisha kugonga kila kibao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kilichoshika kinajibu kwa sauti nzito. Kilichoachia kinajibu kama boksi tupu. Ulinifundisha kwamba hapa mbao zinateseka kuliko kwetu, kwa sababu nje kuna unyevu wa bahari na joto la kuchoma, na ndani kuna kiyoyozi kinachokausha kila kitu, na ubao haujui ufuate upi. "Usikimbilie," ulikuwa ukisema. "Kwanza itulie, ndio uipige msasa."

Nyumba ya Umm Jassim, kule Umm Salal, uliipenda kuliko zote tulizowahi kufanya. Ni ya zamani, ya kabla mji huu haujaanza kupanda juu kwa vioo, na ina mitende nyuma na sebule kubwa iliyotandikwa vibao vidogo vya mtiki, kimoja kikilalia kingine kama mifupa ya samaki. Tulipoikuta ilikuwa imepakwa vanishi juu ya vanishi mpaka imekuwa nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Upande mmoja kulikuwa na zulia lililogandishwa kwa gundi. Tulilibandua tukiwa tumepiga magoti, wewe ukilitukana kwa Kiganda. Jassim, mtoto wake wa kwanza, alitaka yote ing'olewe viwekwe vigae. Mama yake alikataa. Unamkumbuka alivyo: mfupi, na fimbo yake, anatuita sote "waladi", mwanangu, hata wewe mwenye mvi.

Tulianza na msasa mkali, kwa mshazari, kona hadi kona, kisha wa wastani, kisha laini. Nusu ya sebule ilikuwa imeshatakata. Wewe ulikuwa ukitembea juu yake bila viatu, ukiitafuta kwa nyayo mikwaruzo ambayo macho hayaioni.

Siku yenyewe sitaieleza sana. Ulikuwepo. Lakini kuna sehemu usiyoijua.

Ulipomaliza kuswali adhuhuri ulijilaza kwenye ile nusu iliyotakata, ukakunja koti ukaweka chini ya kichwa. Mimi nilienda getini kuchukua chakula kwa dereva. Niliporudi niliweka biriani yako chini taratibu nisikuamshe. Nilikula yangu. Kisha nikasema, "Mzee, wali unapoa." Nikasema tena. Mzee, sijui niliita kwa sauti gani mara ya mwisho, ila Umm Jassim aliisikia akiwa upande wa pili wa nyumba.

Aliingia, akatazama. Hakupiga kelele. Alisema inna lillahi, akatoka, akarudi na shuka jeupe lenye harufu ya udi, akakufunika mwenyewe. Kisha akaniketisha kwenye kiti chake, akanishikisha glasi ya maji, akakaa kando yangu mpaka watu wa ambulansi walipofika. Walikukuta umefunikwa vizuri, mtu mwenye watu wake. Nilitaka ulijue hilo. Walisema ni moyo.

Yakaja mambo ya mazishi. Ofisini walisema kukusafirisha kunawezekana ila kutachukua muda, leo barua hii, kesho muhuri ule. Nikampigia mkeo, Mama Zaina. Nikawa nasikia kuku wenu nyuma yake. Halafu akasema, "Barasa, wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye. Yeye mwenyewe alisemaje?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba siku moja tukitoka kazini Al Wakrah ulisema mtu azikwe pale siku yake ilipomkuta, asiwekwe kwenye friji kama samaki wa dukani.

Alicheka. Alicheka huku analia, Mzee, sijawahi kusikia kitu kama hicho. Akasema, "Huyo ni yeye kabisa. Mzikeni."

Walikuswalia watu wengi ambao hawakukujua. Wasudani, Wapakistani, Wabangla, wenyeji wa hapa na kanzu zao nyeupe, na Waganda wote wa Najma walioweza kupata ruhusa kazini. Mimi Mkristo wa Bungoma nilisimama nyuma nimeshika viatu, sijui niweke wapi mikono. Makaburini mzee mmoja wa Kisudani aligeuka, akaniona, akanipungia: wewe nawe, njoo. Nikaja. Nikatia udongo kama wenzangu. Sikujua la kusema kwa lugha yenu, nikasema kwa yangu.

Jioni hiyo binti yako Zaina akanitumia ujumbe. "Anko, mmemzika taata mahali nisipopajua, na mimi hakuna aliyeniuliza." Nilisoma mara nyingi. Nikaandika, "Pole sana, mwanangu." Hakujibu. Miezi ikapita, hakujibu.

Turudi kwenye sakafu. Baada ya matanga Jassim alikuja na msimamizi. Alikuwa na nia njema, sisemi vinginevyo. Alimwambia mama yake mbele yetu, "Mama, mtu amefia humu. Hutakaa humu kwa raha tena. Acha tuweke vigae, tumalize." Msimamizi akaitikia haraka, maana vigae ni kazi nyepesi.

Umm Jassim akagonga fimbo. "Baba yako alifia wapi?"

Jassim akatazama dirishani.

"Si humu humu? Na kahawa yangu nanywea wapi kila asubuhi?" Kisha akaninyooshea fimbo mimi. "Huyu ataimaliza."

Msimamizi akaniuliza kama naweza peke yangu. Sikuwa na hakika hata kidogo. Nikasema naweza.

Siku ya kwanza mashine kubwa ya msasa ilinivuta kama ng'ombe aliyeona majani. Ikaacha mabonde mawili karibu na ukuta, nikashinda kutwa nikiyasawazisha kwa mkono. Vumbi la mtiki liliingia mpaka ndani ya barakoa, na lile vumbi, unajua, lina harufu ya ngozi mpya. Nilikuwa nikilivuta nakuona wewe. Kesho yake nikakumbuka ulivyonielekeza: mguu mmoja mbele, usiisukume wala usiizuie, tembea nayo kama unamsindikiza mgeni asiyetaka kuondoka. Ikatulia. Kuanzia hapo nilikuwa natembea nayo tu.

Nyufa nilizijaza kwa vumbi lile lile nililolichanganya na gundi, ili rangi zifanane. Vibao vilivyoachia niliving'oa kimoja kimoja, nikakwangua lami ya zamani mgongoni, nikavirudisha kila kimoja mahali pake. Kona nilizikwangua kwa skrepa ya mkono. Nilikuwa naongea peke yangu, mara nyingine kwa sauti. Mfanyakazi wa jikoni, dada mmoja wa Kifilipino, alichungulia akaniuliza niko na nani. Nikamwambia niko na fundi mkuu. Akafunga mlango polepole.

Kisha nikafika dirishani.

Pale nilikuwa nimeviona vile vishimo vinne vidogo, vimekaa kama pembe za meza, na michirizi kati yao. Nikajua ni miguu ya kiti. Kazi ya kawaida: msasa mkali, mara mbili tatu, pamesawazika. Nikawasha mashine, nikaanza kusogea. Sijafika, ikazima. Nikageuka. Umm Jassim amesimama karibu na ukuta, plagi mkononi.

"La, la, waladi. Hapo Musa alisema hapaguswi."

Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, "Mama, pakibaki hivi patakuwa na kiraka. Mzee Musa hapendi kiraka."

"Najua hapendi. Alibishana nami mpaka nikachoka." Alikuja mpaka dirishani, akaonyesha kwa fimbo. "Abu Jassim, mume wangu, alikaa hapa muda wote wa ugonjwa wake. Hakutaka kitanda. Alikuwa akijisogeza na kiti chake, mbele, nyuma, akitazama mitende. Nilimwambia Musa hivyo. Akainama akavipapasa hivi vishimo kwa kidole, kimoja kimoja. Unajua aliniambia nini?"

Nikashusha barakoa.

"Aliniambia, mama, mimi nimetengeneza sakafu za watu ujana wangu wote, na nyumbani kwangu hakuna hata alama ya kiti changu. Huyu mzee wako ameacha yake. Mimi siwezi kuifuta."

Nilikaa chini palepale, juu ya vumbi.

Tulilala chumba kimoja, Mzee. Tulikula sahani moja. Nilijua ugonjwa wa tumbo lako na jina la kila mbuzi wako, na hilo hukuwahi kuniambia. Ulimwambia mama wa watu, kwa Kiarabu cha kuvunjika, ukiwa umeinama dirishani mwake. Sikukasirika. Nilihuzunika tu kwamba ulikuwa ukilala na jambo kama hilo kitanda cha pili kutoka kwangu. Na nilielewa kwa nini ukitoka kuongea na nyumbani ulikuwa ukichukua kitambaa ukaanza kufuta mashine ambayo tayari ilikuwa safi.

Basi sikuipitisha mashine. Nilipafanya kwa mkono, msasa laini, nikaanzia mbali nikipunguza nguvu kadiri ninavyokaribia, mpaka nilipofika kwenye vishimo nikawa sigusi kabisa. Vyenyewe nilivifuta kwa kitambaa chenye mafuta, basi. Ilinichukua muda kuliko kona zote za nyumba ile zikiwekwa pamoja. Ukipita haraka huoni kitu. Ukitulia unaona kama kivuli kimekaa pale, na ukiinama unaviona vyote vinne.

Vanishi ilipokauka Umm Jassim aliagiza kile kiti kitolewe stoo. Jassim mwenyewe ndiye aliyekibeba. Akakiweka, miguu ikaingia mahali pake. Akakikalia, akatazama nje. Alipoinuka alikuja akanishika mkono, akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema ahsante, kisha akatoka haraka.

Sasa nikupe habari kubwa kuliko zote. Zaina yuko hapa.

Ndiyo, Zaina wako. Amepata kazi ya uuguzi kwenye kliniki moja ya binafsi, anakaa Al Wakrah na wauguzi wenzake. Alifika, akatulia, kisha siku moja simu yangu ikalia namba ya hapa hapa. "Anko Barasa, ni Zaina. Nipeleke alipo."

Tulikutana Ijumaa, baada ya mimi kutoka kanisani, maana hapa ibada yetu ni Ijumaa. Ana paji lako la uso, na anakunja midomo kama wewe ukikagua kazi ya mtu. Alinisalimia kwa heshima zote, akapiga goti kidogo kama mnavyofanya kwenu, lakini baridi ilikuwepo. Njiani aliangalia nje tu. Nilimuuliza habari za mama, akasema nzuri. Nilimuuliza habari za safari, akasema nzuri.

Makaburini hakuingia. Alisema ameelezwa desturi ya hapa kuhusu wanawake na ataiheshimu. Alibaki garini, akainua mikono akaomba, huku mimi naingia kukusalimu. Niliporudi alikuwa bado anatazama ule ukuta mrefu.

"Anko," akasema, "nimekuja mpaka huku, na bado sijamfikia."

Nilishika usukani wa gari la kuazima. Kisha nikampigia Umm Jassim. Sikumaliza hata kueleza. "Mlete," akasema. "Mlete sasa hivi."

Alitupokea mlangoni, akamkumbatia Zaina kabla hajajua jina lake. Zaina akavua viatu, akavua na soksi. Akaingia sebuleni akatembea polepole, kutoka mlangoni hadi dirishani, akarudi.

"Ipi ni yake na ipi ni yako?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Nusu hii yake, nusu hii yangu. Akainama akatazama mpaka wa zile nusu mbili, akapitisha kiganja, akatazama tena. "Sioni tofauti," akasema. Mzee, hakuna sifa nyingine ninayoitaka duniani.

Kisha akauliza, "Alilala wapi?"

Nikamwonyesha na hapo pia. Alisimama kidogo, akashusha pumzi, akajilaza pale pale chali, na hijabu yake, mikono pembeni. Sikujua nitoke au nibaki. Umm Jassim, ambaye magoti yake hayakunjiki, alijishikilia kwenye fimbo akashuka taratibu mpaka akaketi sakafuni kando yake. Sijawahi kumwona ameketi chini. Wakakaa hivyo, hawaongei lugha moja.

"Dari lao lina ufa," Zaina akasema baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikatazama juu. Kweli, upo. Nimefanya kazi mle muda wote ule, macho chini, sikuwahi kuuona.

Umm Jassim akataka kumwambia Zaina lile neno lako la dirishani, la alama ya kiti. Niliogopa kulitafsiri, lakini alinikazia macho, nikalitafsiri. Zaina alisikiliza akiwa bado amelala. Kisha akainuka akakaa.

"Mwambie si kweli," akasema. "Mlango wa jikoni kwetu alitengeneza yeye, ile likizo yake ya mwisho. Alikosea kipimo. Haufunguki vizuri mpaka leo. Mama amekataa kabisa kumwita fundi mwingine. Kila asubuhi tunaupiga teke na kusema, 'Musa, fungua!'"

Nikatafsiri. Umm Jassim alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. Zaina akacheka, halafu akalia vizuri, kile kilio cha mtu aliyekuwa amekizuia tangu uwanja wa ndege wa Entebbe, na yule mama akamshika kichwa akakilaza begani. Mimi nilienda jikoni kumsaidia yule dada wa Kifilipino kumimina chai ya karaki. Alinipa leso bila kuniuliza.

Kwa hiyo ulikosea, Mzee Musa. Wewe uliyetupigia kelele sote kuhusu vipimo, umeacha nyumbani mlango unaokwama, na watu wako wanakuita kila siku.

Tukirudi Al Wakrah Zaina alianza kuongea mwenyewe. Alisema mama yake alimweleza lile neno la samaki na friji, na kwamba alipolisikia alijua halikubuniwa na mtu, ni lako. "Lakini ningetaka kuulizwa," akasema. "Nisingekataa. Ningetaka tu kuulizwa." Nikamwambia alistahili kuulizwa. Akaitikia kwa kichwa. Tulipofika mlangoni kwao aliniambia, "Asante, taata omuto." Nilipofika Najma niliwauliza Waganda ni nini hiyo. Wakaniambia ni baba mdogo.

Haya, Mzee. Nisikuchoshe, na kesho basi linatoka mapema. Msimamizi amenipa nyumba nyingine ya zamani, na kijiti cha kuongoza ni changu sasa, wala sikimbilii. Naiacha mbao itulie kwanza. Pumzika kwa amani. Mungu wako na wangu, nadhani wanafahamiana, akupe nafasi pana.

Nakuahidi jambo moja tu, kwa sababu ahadi nyingi ni kelele. Zaina hatakula Idi peke yake katika mji huu maadamu mimi nipo. Nimeshawaambia Waganda wote wa hapa, na Umm Jassim ameshatangaza kwamba siku ya kwanza ni kwake na hataki ubishi. Siku ya pili ni yetu huku Najma, nami ndiye nitakayepika. Na Zaina mwenyewe amesema Krismasi ni zamu yake kunipikia, ila ameniomba nijiandae, kwa sababu hajui kupika.

Kwaheri, Mzee wangu.

Ni mimi,
Barasa